Vibarua wa Baba na Kofia ya Idi

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako naiacha hapo hapo, maana nikiisubiri sitaandika neno la pili.

Nimekaa kwenye tuta la mwisho la shamba lako la Luiche, lile linalopakana na mfereji. Karatasi ninayoandikia ni ya kukatia michoro ya nguo. Upande mmoja una kiuno cha mteja wangu wa sokoni Mwanga, upande wa pili ni wako. Usinicheke mwandiko. Kila baada ya mistari mitatu nainuka kwenda kutazama kunde, halafu narudi. Sijatulia tangu ulipoondoka. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaambia watu kwamba Zaituni hata kula anakula amesimama. Sasa nimezidi. Juzi nimeshona shati la mtu, mkono wa kulia nikaupeleka kushoto.

Nina habari za shamba na nina jambo la kukuungamia. Naanza na habari, kwa sababu lile lingine lina aibu.

Siku ya arobaini yako, hitma ilipokwisha na wageni wakamaliza pilau, Baba mdogo Hamisi alituita barazani. Unamjua ndugu yako, hasemi mpaka amalize chai. Alimaliza. Akasema shamba la Luiche haliwezi kulala, na yeye ana miche ya michikichi, ile mifupi ya kisasa, inamngoja. Michikichi haitaki mtu wa kuamka nayo kila siku kama mboga. Kisha akaniuliza mimi, mwanao pekee niliyebaki hapa Ujiji, nasemaje. Nikasikia mdomo wangu unajibu, "Nitalima mimi."

Baraza zima likacheka. Sikukasirika. Hata mimi ningecheka. Fundi cherehani ambaye jembe amelishika mara ya mwisho akiwa darasa la saba! Baba mdogo akasema, "Zai, shamba halitiwi uzi." Lakini akanipa msimu mmoja. Kunde zikikubali, shamba litabaki la mboga, mkononi mwangu. Zikinishinda, anachimba mashimo ya michikichi. Alisema kwa haki, na wazee wote wakaitikia.

Siku hiyo hiyo tuligawa nguo zako. Kanzu zilikwenda, koti likaenda, viatu vikagombewa. Kofia ya Idi haikuchukuliwa na mtu. Ina madoa ya kijani yasiyotoka. Nikaitia kwenye mkoba wangu bila kusema neno.

Unaikumbuka hasira yangu juu ya kofia ile? Ndiyo kofia ya kwanza niliyoidarizi kwa mkono wangu, Ramadhani nzima, macho yakaniuma. Wewe ukaivaa Idi moja. Wiki iliyofuata nikakukuta shambani umeivua, umeigeuza, umeijaza majani, na juu ya majani wanatambaa wale wadudu wako wekundu wenye madoa meusi mgongoni, mviringo kama nusu ya njegere. Nilipiga kelele. "Kofia ya Idi, Baba!" Na wewe bila hata kugeuka, "Hawa ni wageni, mwanangu. Mgeni habebwi kwenye mfuko wa plastiki."

Bwana shamba alipopita alikuambia hao wanaitwa wadudu rafiki. Ukamkatalia. Ulisema rafiki anakuja saa ya chakula na kuondoka, lakini hawa wanashinda juani kutwa wakila vidukari wanaofyonza mboga, basi hawa ni vibarua. Jina likakaa. Ujiji nzima ikajua Mzee Athumani ana vibarua wasiodai chai. Walikucheka pia kwa magugu yenye maua uliyoyaacha pembeni mwa shamba. Walisema unalima maua. Ulisema kibarua naye anataka mahali pa kulala.

Nimeinuka kidogo. Nimerudi.

Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kabla ya vibarua. Nakumbuka pampu ya mgongoni na harufu ya dawa kwenye mashati yako, harufu iliyobaki hata Mama alipofua mara mbili. Ukarudi jioni, kichwa kinakuuma, ukalala bila kula. Halafu siku ile ukaosha pampu mfereji wa juu, na mfereji wa chini bata watatu wa jirani wakageuka matumbo juu. Ulikwenda kwake mwenyewe ukamweleza, ukiwa umeshika kofia mkononi. Tangu siku hiyo pampu haikugusa mgongo wako. Ukaanza kuchuchumaa. Ulichuchumaa msimu mzima kati ya mboga ukitazama nani anamla nani, na watu wakadhani umechanganyikiwa. Ulinifundisha na mimi. Ulikuwa unamweka kibarua mmoja kwenye kidole changu, anapanda, anapanda, akifika kwenye ukucha anafungua mgongo na kuruka. Nilikuwa nataka kuona huko kuruka tu. Wewe ulikuwa unasema, "Pindua jani, Zai. Kazi iko chini ya jani." Mimi nishakwenda kuchezea matope.

Sasa lile la aibu.

Ulipoanguka, mguu na mkono wa kushoto vikagoma, ukalala chumba cha mbele. Kila nilipoingia jioni kutoka Mwanga ulikuwa na swali moja. Hukuuliza dawa wala wageni. Ulikuwa unauliza, "Vibarua wameripoti?" Na mimi nilikuwa najibu, "Wameripoti, Baba." Ulikuwa unafumba macho ukiwa umeridhika.

Sikuwa nimekwenda. Sikwenda hata siku moja, Baba. Idi ilikuwa karibu, magauni yamejaa mpaka chini ya cherehani, na nilijiambia nitakwenda kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Kutoka Mwanga mpaka Luiche, bodaboda haichukui hata muda wa kuivisha maharage.

Siku ya mwisho ukabadilisha swali. Uliniuliza, "Leo wamevaa rangi gani?" Nikajibu haraka, "Nyekundu, kama siku zote." Ulitazama dari muda mrefu. Kisha, kwa ule ulimi uliokuwa umeshakuwa mzito, ukasema, "Ukienda tena, pindua majani."

Alfajiri ulikuwa umeondoka.

Ndiyo maana nilisema barazani kwamba nitalima. Wengine wanadhani ni ukaidi, wengine wanadhani ni mapenzi ya shamba. Ni uongo ule, Baba. Unaniwasha kwenye nyayo. Nikikaa unaniinua.

Basi nikapanda. Mvua ilikuwa njema, kunde zikatoka kwa furaha, na mimi nikaanza kutembea huku na huko kama bwana mkubwa. Baada ya wiki chache tu ncha changa zikaanza kujikunja. Vidukari weusi walikuwa wamejaa, wamebanana kwenye mashina kama uwele kwenye suke, na majani yananata. Nikatafuta vibarua. Shamba zima nikaona wawili tu wekundu.

Lakini nilikumbuka kupindua majani. Nilipopindua nikaona kitu kingine kabisa. Vidudu virefu, vyeusi, vina miiba mgongoni na madoa ya rangi ya chungwa ubavuni, vinatembea kwa haraka kati ya vidukari. Vibaya! Vinafanana na mamba waliosinyaa. Nikasema, kumbe nyinyi ndio mnaonila. Nikakaa navyo siku mbili. Unajua vidole vya fundi havina haraka. Nilivibana kwa ukucha kimoja kimoja, tuta kwa tuta, jani kwa jani, mpaka kidole gumba kikawa cha rangi ya chungwa. Tena nilikuwa naimba. Jioni ya siku ya pili nilinawa mfereji nikarudi nyumbani nimenyoosha shingo, nikamwambia kila niliyekutana naye kwamba nimesafisha shamba la baba yangu.

Siku ya tano, kunde zilikuwa zinalia. Sina neno jingine. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari juu na chini ya mashina, wanalamba utamu wa vidukari na kuwalinda kama mifugo yao. Siku hiyo akaja Mama Bukuru wa Rusimbi, yule mteja wako wa miaka yote wa majani ya kunde, na tenga lake. Hakufika hata tuta la tatu. Aliweka tenga chini.

"Yoo, mwana wanje, mwanangu wee! Vidukari wote hawa, na watoto wa vibarua wako wapi?"

Nikauliza, watoto gani? Akanieleza. Weusi, wana miiba, wana madoa ya chungwa. Nikakitazama kidole changu gumba. Nilikinyanyua akakiona, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe Zaituni, ulitaka wazaliwe wamevaa koti jekundu?"

Halafu, kwa kuwa ni Mama Bukuru, akacheka, na mimi nikalia, na tukafanya hivyo kwa muda, yeye huku na mimi huku. Akanifundisha yale uliyomfundisha wewe: mama anataga mayai ya njano chini ya jani, yamesimama kama punje za mchele. Wanatoka hao weusi. Hao ndio wanaokula kupita wazazi wao. Wakishiba wanajibandika kwenye jani, wanajikunja, na baada ya siku chache ndipo anatoka kibarua unayemjua. Kuna majuma wekundu hawaonekani kabisa, shamba lote liko mikononi mwa watoto.

Hapo nikaelewa kwa nini ulitazama dari. Ulijua ni majuma gani. Ulijua kwamba mtu aliyekwenda shambani asingejibu nyekundu. Ulijua, na bado ukaniambia "ukienda tena", kana kwamba niliwahi kwenda. Hukutaka kuniaibisha nawe uko njiani. Baba, ungenigombeza. Heri ungenigombeza.

Nimeinuka tena. Nimefika mpaka kwenye matete nikaona ziwa, nikarudi.

Baba mdogo alisikia kunde zinaumwa, akaniletea pampu yake mwenyewe, ameiosha vizuri. "Piga dawa, Zai. Kesho wamekufa wote." Alikuwa anataka nishinde, hilo nalijua, maana angeweza kukaa kimya na michikichi yake. Nikaenda duka la pembejeo Mwanga nikanunua chupa ya dawa. Nikajaza maji ya mfereji kwenye pampu, nikafungua kizibo. Ile harufu, Baba. Ilikuwa ni wewe umerudi jioni kichwa kinakuuma. Nilifunga kizibo. Maji nikayamwaga chini yakiwa maji matupu, chupa nikairudisha dukani, na pampu nikamrudishia mwenyewe na asante. Akaniangalia kama anayetaka kusema kitu, akanywa chai.

Usidhani nilikuwa na ujasiri. Nilikuwa na hofu tupu. Kunde zinakufa, nimekataa dawa, na vibarua nimewaua kwa mkono wangu.

Ni Mama Bukuru aliyeniokoa. Nyuma ya nyumba yake Rusimbi ana bamia, na bamia zile zina vibarua waliotoka kwako. Mwaka ambao bamia zake zilikuwa zinasinyaa ulimpelekea, ukapita sokoni kichwa wazi na kofia mkononi. "Baba yako aliwaleta kwa kofia," aliniambia, "na wewe njoo na kofia."

Nikaenda nayo. Nilimaliza swala ya alfajiri nikaondoka, kwa sababu asubuhi na mapema, baridi haijawatoka miguuni, hawakimbii. Tulipindua majani ya bamia pamoja, yeye upande wa jikoni na mimi upande wa ukuta. Mayai ya njano nikayaona kwa mara ya kwanza maishani, na nina miaka thelathini na saba. Weusi wenye miiba tuliwakata pamoja na vipande vya jani. Nikataka kuchukua wote, akanipiga kofi mkononi. Wengi wakifungiwa pamoja bila chakula wanalana, kasema, njaa haina undugu. Nikafunika kofia kwa kipande cha chandarua, nikapanda bodaboda, nikaishika kifuani kwa mikono miwili. Dereva akauliza nimebeba nini. Nikasema wageni. Nadhani alidhani ni mayai, maana mashimo yote aliyakwepa.

Nilimwaga majivu kwenye mashina kuwazuia sisimizi, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikabana kila kipande cha jani karibu na ncha iliyojaa vidukari, kwa pini zangu za kushonea. Halafu sikuwa na kazi nyingine yoyote. Hilo ndilo nisiloliweza. Nilikuwa nakwenda Mwanga, nakaa kwenye cherehani, nashona upande mmoja wa gauni, naliacha na mteja amekaa, narudi Luiche. Siku moja nilikuja mara nne. Matuta mawili ya karibu na mfereji yalikufa nikiyatazama.

Ijumaa, baada ya swala, Baba mdogo alikuja. Alikuja bila chai. Nilijua amekuja kuamua. Alitembea kimya, akayatazama yale matuta mawili, akatikisa kichwa, akaingia ndani zaidi. Akapindua jani. Palikuwa na mweusi mmoja, amenenepa, miiba yote wima.

"Si huyu hapa anayekumalizia kunde?" Na akanyoosha kidole gumba.

Baba, nilimshika mkono. Mkono wa baba mdogo wangu, mdogo wako wa damu, nilimshika kwenye kifundo nikauzuia. Tukasimama hivyo. Alinitazama. Nikasema samahani, Baba mdogo. Nikasema samahani mara tatu, lakini mkono sikuuachia. "Mtazame kwanza," nikamwambia.

Sijui kwa nini alikubali. Labda ni mshangao. Alichuchumaa, goti likalia, na mimi nikachuchumaa pembeni yake. Yule mweusi akamshika kidukari, akamnyanyua miguu ikiwa inachezacheza hewani, akamfyonza, akaacha ganda. Akamshika mwingine. Akamshika mwingine. Baba mdogo alikaa pale mpaka kivuli cha tuta kikatufikia.

"Miaka yote hiyo," akasema, "nilidhani kaka anazungumza na maua."

Akainuka kwa kunishika bega. Akajipangusa magoti. Akasema michikichi haikimbii, nivune kwanza ndipo tuongee. Hakusema zaidi ya hapo, nami sikuomba zaidi. Alipofika kwenye mfereji aligeuka akauliza kama na yeye anaweza kupata wachache kwa ajili ya nyanya chungu zake. Nikamwambia alete kofia.

Kwa hiyo sijui bado, Baba. Sitaki kukuambia shamba limepona wakati halijapona. Ncha nyingi zinanyooka, nyingine bado zimejikunja. Naweza kuvuna vizuri, naweza kuvuna kidogo nikachekwa, na michikichi ikaja. Nitakuambia vile itakavyokuwa. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na ni moja tu: sitakujibu tena kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu. Nitakuja kila asubuhi kabla ya cherehani, nitapindua majani, na nitakachokikuta ndicho nitakachokuambia.

Basi niulize.

Wameripoti, Baba. Leo asubuhi nimehesabu tuta la kwanza mpaka la sita. Weusi kumi na mmoja, wana miiba, wana madoa ya chungwa. Mayai mafungu mawili. Waliojibandika watano. Wekundu, hakuna hata mmoja.

Na kuna huyu mmoja. Nimemkuta anatoka kwenye ganda lake chini ya jani, wakati naanza barua hii. Yeye ndiye aliyekuwa akiniinua kila baada ya mistari mitatu. Amevaa njano, Baba. Njano laini ya kiini cha yai, bado mbichi, mgongoni hana hata doa moja. Sikujua kwamba wanatoka hivyo. Hukuwahi kuniambia, au uliniambia nikiwa kwenye matope.

Lala, Baba. Mwanao naiweka kalamu chini sasa. Nataka kwenda kukaa mbele yake, nisiinuke, mpaka madoa yatokee.

Zaituni